Mtaji wa Poka na Msururu wa Hasara: Hesabu Ambayo Vijana Wetu Hawaambiwi

Poka ya mtandaoni na kubeti kwa simu vimeleta msamiati mpya katika maskani zetu, kuanzia Kisauni hadi Likoni. Kijana hasemi tena kwamba anacheza kamari. Husema anasimamia mtaji. Akiliwa mara saba mfululizo, husema ni upepo mbaya tu, utapita. Makala haya yanaeleza maneno hayo yana maana gani, hesabu yake ikoje, na aliyekwisha kunaswa afanye nini.

Hukumu ya dini haina utata. Aya ya 219 ya Surat al-Baqara na aya za 90 na 91 za Surat al-Maida zimeitaja maysir, yaani kamari, pamoja na ulevi. Kanuni zinazofuata hazitolewi ili mtu acheze vizuri. Zinaelezwa kwa sababu vijana wanaambiwa kwamba zinageuza kamari kuwa biashara.

Mtaji ni nini?

Katika poka, mtaji ni fedha zilizotengwa kwa mchezo pekee, mbali na kodi ya nyumba, karo na chakula. Wazoefu hushauriana kwamba mtu awe na fedha za kuingilia mezani mara 20 hadi 30, na kwa mashindano mara 100 au zaidi. Kama kiingilio ni shilingi 1,000, anahitaji 20,000 hadi 30,000 ambazo hata zikipotea zote watoto hawatalala njaa. Mtaji ukipungua, anashuka meza ndogo.

Kanuni hii ina mantiki kwa mtu mmoja tu: yule anayewazidi wenzake kwa ujuzi, tena kwa kiasi cha kufidia makato. Katika poka wachezaji hulana wenyewe kwa wenyewe, na mwenye tovuti hukata fungu lake kwenye fedha zinazochezewa. Kwa hiyo zinazotoka mezani ni chache kuliko zilizoingia. Kwa asiye na ujuzi huo, kusimamia mtaji hakuleti faida. Kunarefusha tu njia ya kuishiwa.

Kubeti ni kubaya zaidi

Katika kubeti mpinzani wako ni kampuni, nayo ndiyo iliyopanga bei. Chukua mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa. Malipo ya haki ni mara 2 ya dau. Tuseme kampuni inalipa mara 1.90. Kila shilingi 100 unazoweka, kwa wastani zinarudi 95.

Sasa unganisha mechi tano za namna hiyo katika mkeka mmoja. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 32. Kwa dau la 100, malipo ya haki yangekuwa 3,200, lakini utapewa takriban 2,476. Fungu la kampuni limepanda kutoka 5 hadi karibu 23 katika kila 100. Ndiyo sababu mikeka mirefu hupigiwa debe sana.

Mchezo wa ndege nao hutangazwa kuwa hurudisha sehemu kubwa ya dau. Tuseme ni 97 kwa 100. Lakini raundi moja ni sekunde chache. Anayeweka 50 mara 200 jioni moja amechezea jumla ya 10,000, hata kama aliingia na 1,000 tu, kwa sababu fedha zilezile zinazunguka. Asilimia 3 ya 10,000 ni 300. Kwa wastani, karibu theluthi ya alichoingia nacho imekwenda.

Msururu wa hasara si uchawi

Rusha sarafu mara 100. Uwezekano wa upande mmoja uliouchagua kutokea mara sita mfululizo mahali fulani katikati unazidi nusu. Kwa hiyo kuliwa mara sita si kurogwa wala si jicho la mtu, na wala si dalili kwamba ya saba ni yako. Sarafu haikumbuki.

Mfano unaotajwa sana ni wa kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913. Katika mchezo wa gurudumu, kijipira kiliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumimina fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, wakapoteza fedha nyingi.

Wengine hutumia mbinu ya kuongeza dau maradufu kila wanapoliwa. Anza na 50: halafu 100, 200, 400, 800, 1,600, 3,200, 6,400. Ukiliwa mara nane umepoteza 12,750, na dau la tisa ni 12,800. Ukishinda hilo, faida yako yote ni shilingi 50. Hapo ndipo Fuliza huguswa, kisha karo, kisha fedha za chama.

Hali ya hasira inayomfanya mchezaji afukuze hasara huwamaliza hata wajuzi wa poka. Kwetu hujificha nyuma ya methali: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo haikutungwa kwa maji yanayokuzamisha.

Aliyenaswa afanye nini?

Kwanza, achukue taarifa yake ya M-Pesa ya miezi sita, ajumlishe zilizokwenda kwenye kamari na zilizorudi. Tofauti yake ndiyo hasara ya kweli. Akili hukumbuka ushindi na kusahau mengine.

Pili, aiandikie kampuni kwamba anataka akaunti ifungwe, afute programu, na ajitoe kwenye mikopo ya simu.

Tatu, amwambie mtu mmoja anayemheshimu: mke, mama, kaka au imamu wa msikiti wake. Siri ndiyo chakula cha maradhi haya.

Nne, familia isimpe fedha taslimu za kulipa madeni. Kama inasaidia, imlipe mdai moja kwa moja.

Serikali nayo imeona tatizo. Aprili 2025 ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, na mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Udhibiti wa Kamari kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Lakini leseni humhakikishia mchezaji kwamba kampuni inatambulika tu. Haibadilishi hesabu iliyoelezwa hapa.

Mzazi anayemwona mwanawe amekodolea simu hadi usiku wa manane, kila mara akikopa mia mbili, asianze kwa matusi. Aketi naye na kalamu, wafanye hesabu ya ile taarifa ya M-Pesa pamoja.