Ndege Huyu, Ndege Hii

Kiswahili hukiita kiumbe chenye mbawa na chombo cha angani kwa jina moja, kisha huiachia sarufi kazi ya kuvitenganisha: ndege huyu ameruka, ndege hii imeruka. Katika Kiswahili cha zamani neno hilohilo lilibeba pia maana ya tatu, yaani dalili ya heri au ya shari, na ndiyo maana palikuwa na ndege njema na ndege mbaya. Waandishi wa historia ya Nairobi wamezoea kuwaachia wanasayansi ndege wa kwanza na wataalamu wa usafiri ndege ya pili. Hata hivyo, nyumba yenye mtoto mwenye ulemavu wa viungo katika mtaa kama Mountain View, kando ya Waiyaki Way jirani na Kangemi, huzikutanisha historia hizo, kwa kuwa mtoto huyo hupimiwa dunia kwa kile kinachoweza kumfikia na kile ambacho yeye anaweza kukifikia.

Usafiri wa ndege ulijengwa Nairobi bila kumfikiria mtoto huyo. Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafuata mwaka 1946, na mwaka 1958 ukafunguliwa uwanja wa Embakasi, ambao sehemu ya ujenzi wake ilifanywa kwa jasho la wafungwa wa vita vya Mau Mau. Mwaka huohuo wa 1958 kilianzishwa chama cha kuwahudumia watu wenye ulemavu wa viungo nchini Kenya, kijulikanacho kwa kifupi kama APDK, ambacho makao yake yako Westlands kwenye Waiyaki Way hiyohiyo. Uwanja na chama vilizaliwa pamoja, lakini miaka mingi ilipita kabla ya mlango wa ndege kumtambua mtu asiyeweza kupanda ngazi, na wakati huo wote aliingia akiwa amebebwa mikononi, mbele ya macho ya abiria wengine. Mfano wa kinyume ulikuwapo tangu mwaka 1957, pale madaktari Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walipoanzisha huduma ya madaktari warukao, ambayo leo ni Amref, kwa wazo kwamba daktari apande ndege amfuate mgonjwa alipo.

Ugumu wenyewe haueleweki mpaka kiti kitazamwe kwa karibu. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani hali itokanayo na athari katika ubongo unaokua, ambayo huvuruga uwezo wa kuutawala mwili, mara nyingi hukaa kwenye kiti cha magurudumu kilichorekebishwa kwa umbo lake, chenye egemeo la shingo, mikanda ya kifua na kabari za kuzuia nyonga zisiteleze. Mlangoni mwa ndege kiti hicho huondolewa na kupelekwa kwenye shehena pamoja na masanduku, na mtoto huhamishiwa kiti chembamba kiwezacho kupita ujiani, kisha kwenye kiti cha abiria ambacho hakimshiki popote ila kiunoni. Sheria zimesaidia: Marekani ilipiga marufuku ubaguzi wa abiria wenye ulemavu mwaka 1986, Kenya ikapitisha Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2003, na Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, ikawapa haki ya kufika kila mahali na kutumia usafiri wa umma kwa namna inayofaa. Lakini haki ya kuingia si haki ya kuketi vizuri, na mzazi ashikaye kichwa cha mwanawe kwa mkono tangu Nairobi hadi London anajua tofauti hiyo kuliko mwanasheria yeyote.

Ndege mwenye mbawa naye alianza kwa kutazamwa kutoka mbali. Chama cha Historia ya Viumbe cha Afrika Mashariki kiliundwa mwaka 1909 na jumba lake la makumbusho likaanza mwaka uliofuata, katika enzi ambayo kumjua ndege kulimaanisha kwanza kumpiga risasi na kuikausha ngozi yake. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianzisha matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia kwenye jumba la makumbusho, na elimu hiyo ikawa ya yeyote mwenye macho na subira. Hata hivyo, matembezi ni ya miguu, na asiyeweza kutembea alihitaji njia nyingine, ambayo ni ua wa nyumba yake mwenyewe.

Njia hiyo inategemea mazoea, yaani ndege kujifunza polepole kwamba mtu fulani hamdhuru. Hapahitajiki tundu, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga ndege wa mwitu bila kibali. Huhitajika maji safi katika karai lisilo na kina kirefu, yabadilishwe kila siku saa ileile, mshubiri uachwe utoe maua, na mtu awepo mahali palepale. Ndege huzoea hata mikono inayorukaruka yenyewe, mradi mirukoruko hiyo iwe ya kila siku na isifuatwe na jiwe. Chozi, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda, huja kufyonza maua ya mshubiri. Kuzumburu wenye mikia mirefu hushuka kwa makundi juu ya mapapai yaliyoiva. Naye yule ndege mweusi na mweupe atikisaye mkia, ambaye hupenda nyua za Nairobi kuliko misitu, hutembea sakafuni akiokota wadudu, huzunguka gurudumu la kiti, husimama, hutikisa mkia, kisha hupita chini ya miguu ya mtoto na kutokea upande wa pili.