Miaka Tisa Bila Maelezo

Wanafunzi huniuliza ugunduzi fulani ulianza lini, nami hukwama hasa ninapofikia mawimbi ya nuru yatambaayo juu ya uso wa metali, ambayo wanafizikia huyaita plasmoni. Mwaka 1902 Robert Wood wa Marekani aliona mistari ya giza na ya mwangaza asiyoitarajia katika nuru iliyotoka kwenye bamba la metali lenye michirizi. Aliandika alichokiona, bila maelezo. Rufus Ritchie alipokokotoa mtikisiko wa elektroni katika metali nyembamba mwaka 1957, wala hakuwa akimjibu Wood.

Kisa ninachokipenda ni cha Thomas Ebbesen, mzaliwa wa Norwei aliyefanya kazi katika maabara ya kampuni ya NEC nchini Japani. Mwaka 1989 alichunguza utando wa metali wenye matundu madogo kuliko urefu wa wimbi la nuru. Kwa hesabu za Hans Bethe za mwaka 1944, tundu la namna hiyo lingepitisha nuru haba mno. Ikapita nyingi, hata kuzidi ile iliyoangukia matundu yenyewe, kana kwamba metali iliyoyazunguka iliikusanya na kuielekeza humo. Maelezo yalikosekana. Makala ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1998.

Miaka tisa! Mwaka 2006 Ebbesen, Sergey Bozhevolnyi na wenzao walionyesha vijifereji vya umbo la V vilivyochongwa katika dhahabu. Ndani yake nuru iligawanywa na kuunganishwa tena, na kipete kidogo kandoni kikachagua mawimbi ya kupita na ya kuzuiwa. Kazi za namna hiyo zimechangia utafiti wa kudhibiti nuru ndani ya chipu, ingawa metali huila nuru na kuigeuza joto, hivyo safari yake huishia katika sehemu ndogo ya milimita.

Katika fomu za tathmini tuzijazazo sisi wahadhiri, Ebbesen wa mwaka 1994 angehesabiwa mzembe. Mimi niliwahi kuandika “bado nachunguza” kwenye safu ya matokeo. Fomu ikarudishwa kwa wino mwekundu. Watumishi wa umma mnaosoma hapa, baadhi yenu ndio mnaozitunga fomu hizo. Naomba safu moja tu: nini umekiona mwaka huu ambacho huwezi kukieleza?