Ziwa Tanganyika: ni nani alikula ndagala zetu?

Wasomi wenzangu, kila mara tukiongea juu ya joto la dunia mifano yetu inatoka mbali: barafu ya kaskazini, dubu weupe, picha za vitabuni. Na sisi tuko na ziwa ambalo joto lake limepimwa kwa zaidi ya miaka mia moja! Kule Uvira, Baraka ao Kalemie, bei ya ndagala ikipanda, jibu la haraka ni moja tu: "Ni bavuvi njo banamaliza samaki." Mimi ninaona jibu hilo liko na nusu ya ukweli. Nusu ingine tuitafute katika historia.

Kati ya 1911 na 1913, daktari Mbelgiji Louis Stappers alichunguza maziwa ya Moero na Tanganyika. Jina lake liko kwenye sahani zetu bila sisi kujua, maana mukeke, ule ambao Kigoma wanauita mgebuka, kwa jina la kisayansi ni Lates stappersii. Vipimo vya joto vya maji vya miaka ile bado vinatumiwa na watafiti wa leo. Kisha 1946 na 1947 ukaja msafara mwingine wa Wabelgiji: Max Poll akashughulikia samaki, André Capart akapima vilindi na kufikia mita 1,470. Mwaka 1947 ikaundwa IRSAC, yenye makao Lwiro, na baadaye kituo chake cha Uvira, kile tunachokijua leo kama CRH. Hawakupima kwa sababu walitupenda, lakini namba zimebaki, na namba hazina bwana.

Sasa, namna gani joto kidogo tu linaweza kuondoa samaki? Hapa twende polepole, juu wengi wanaruka sehemu hii.

Ziwa letu ni kama sufuria refu lenye tabaka mbili. Maji ya juu ni ya moto, mepesi, yenye hewa ya oksijeni. Maji ya chini ni ya baridi kidogo, mazito, na kupita mita mia moja ao mia mbili hivi, samaki hawezi kuishi humo, hakuna hewa. Lakini mbolea yote iko kule chini, kwa sababu kila kinachokufa kinazama. Mimea midogo sana inayoelea juu, ambayo macho hayaioni, inahitaji mwanga wa jua na inahitaji pia mbolea ile. Vidudu vya majini vinakula mimea hiyo, ndagala wanakula vidudu, mukeke anakula ndagala, na sisi tunakula wote wawili. Ni nani basi anapandisha mbolea? Upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, tabaka zinainama, maji ya chini yanapanda na yanachanganyika.

Maji ya juu yakizidi kupata moto, yanazidi kuwa mepesi, na upepo uleule haufaulu tena kuyachanganya vizuri na ya chini. Na kuna jambo ambalo wanafunzi wa fizikia watalifurahia: maji ya digrii 25 yakiongezeka digrii moja, uzito wake unabadilika zaidi ya mara kumi kuliko maji ya digrii 5 yaliyoongezeka digrii ileile. Ndiyo maana mtu asituambie kwamba joto la dunia ni shida ya nchi za baridi. Badiliko dogo kwetu linafunga mlango kwa nguvu.

Mwaka 2003 timu mbili zilitoa kazi zao karibu wakati mmoja. Piet Verburg na wenzake walilinganisha joto la sasa na lile la 1913, wakaona ziwa limepata moto na kuchanganyika kumepungua. Catherine O'Reilly na wenzake walisoma kaboni iliyobaki katika matope ya chini, wakakadiria kwamba uzalishaji wa mimea ile midogo umeshuka kama asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi.

Si wote waliokubali. Watafiti Wafini waliokuwa wamefanya kazi ziwani miaka ya 1990 walijibu kwamba mavuno yanaonyesha zaidi mabadiliko ya uvuvi wenyewe kuliko ya hali ya hewa. Hoja yao si ya kutupa. Hesabu za samaki kwetu zinafuata vita na uchumi: watu wakikimbia, nani anabaki ufukweni na daftari?

Kilichonisukuma upande mmoja ni kazi ya 2016 ya Andrew Cohen na wenzake. Wao hawakuhesabu mavuno. Walichimba matope na kuhesabu mabaki ya samaki na magamba ya konokono, tabaka kwa tabaka. Wakaona upungufu ulianza tangu karne ya 19, sambamba na joto. Sasa fikiri kidogo: meli za uvuvi mkubwa, nyingi za Wagiriki, zilianza miaka ya 1950. Nyavu haziwezi kumaliza samaki miaka mingi mbele ya kutupwa majini. Tena, katika sehemu walizochunguza, sakafu ya ziwa yenye oksijeni ilipungua kwa asilimia 38 tangu 1946. Konokono na samaki wadogo wa mawe, ambao wengi hawapatikani ziwa lingine lolote duniani, hawana pa kuhamia: juu joto, chini hakuna hewa.

Najua mtu ataniambia ziwa limebadilika siku zote. Ni kweli. Stanley mwaka 1876 aliukuta mto Lukuga umezibwa na matete, na Hore mwaka 1879 akaukuta unakimbia kwa nguvu kuelekea magharibi. Lakini hayo ni mambo ya kina cha maji. Kuhusu joto, Jessica Tierney na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba maji ya juu hayajawahi kuwa ya moto hivi katika miaka 1,500.

Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Mimi siko kinyume. Nyavu za matundu madogo zinaua watoto wa samaki, hilo halibishaniwi. Ila angalieni tarehe zile. Ni miezi ileile ya upepo wa kusini, wakati ziwa linapopaswa kupandisha chakula. Muvuvi anaambiwa akae nyumbani miezi mitatu, na anatii ao anaadhibiwa. Mbolea ikibaki chini, samaki wanaozaliwa miezi ile watakula nini?