Wazamiaji wa Sponji katika Historia ya Akiolojia ya Chini ya Bahari

Vitabu vingi huianza historia ya akiolojia ya chini ya bahari mwaka 1960, pale George Bass wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alipochimbua meli iliyozama takriban mwaka 1200 K.K. katika Rasi ya Gelidonya, kusini mwa Uturuki. Sifa hiyo anaistahili. Kabla yake, mtaalamu alizoea kukaa sitahani akingoja kuletewa vyombo. Ndivyo ilivyokuwa Grand Congloué, karibu na Marseille, kuanzia mwaka 1952: wazamiaji wa Jacques Cousteau walipandisha mitungi kwa wingi, na Fernand Benoit, mwanaakiolojia msimamizi, akabaki juu ya maji. Kwa kuwa mahali ulipolala kila mtungi hapakupimwa ipasavyo, meli mbili zilizozama kwa kupishana takriban karne moja zilihesabiwa kuwa moja, na ilichukua miaka mingi kosa hilo kusahihishwa. Bass alizamia mwenyewe, akapima na kuchora kila kitu kilipolala, kama wafanyavyo wachimbuaji wa nchi kavu.

Lakini Bass hakuivumbua meli ya Gelidonya. Mwaka 1958 mwandishi wa habari Peter Throckmorton aliishi na wazamiaji wa sponji wa Bodrum, akisafiri nao na kusikiliza habari zao. Nahodha mmoja, Kemal Aras, alimweleza juu ya rundo la madini lililogandamana na mwamba, ambalo alikusudia kulilipua ili aliuze kama chuma chakavu. Mazungumzo yale ndiyo yaliyoiokoa meli. Nadai basi kwamba Aras na wenzake wahesabiwe miongoni mwa waasisi wa taaluma hii, wala wasiachwe katika tanbihi za shukrani.

Atakayepinga atasema kwamba mzamiaji aliona tu, na maana ikatolewa na msomi. Meli ya kale iliyozama Uluburun, nayo kusini mwa Uturuki, inamjibu. Mwaka 1982 mzamiaji Mehmet Çakır alisimulia kuwa ameona chini ya bahari biskuti za chuma zenye masikio. Simulizi hiyo ilieleweka kwa sababu watafiti walikuwa wamekwisha kupita vijiji vya wazamiaji wakiwaonyesha michoro ya vipande vya shaba vya kale. Yaani kumsikiliza mzamiaji kulikuwa tayari sehemu ya mbinu ya utafiti. Uchimbuaji wa 1984 hadi 1994, ulioanzishwa na Bass na kuendelezwa na Cemal Pulak, ulihitaji mizamio zaidi ya 22,000. Ulitoa takriban tani 10 za shaba na tani 1 ya bati, pamoja na magogo ya mpingo wa Afrika, mti uleule wanaouchonga Wamakonde.

Gharama ya maarifa hayo haikuwa ndogo. Antikythera, Ugiriki, ambako wazamiaji wa kisiwa cha Symi waliopoa sanamu za shaba na marumaru mwaka 1900 na 1901, mmoja wao alikufa na wawili wakapooza.

Pwani yetu nayo imeguswa na kazi hii. Kati ya 1977 na 1980 taasisi aliyoiasisi Bass, ikishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ilichimbua Mombasa meli ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu. Idara za akiolojia za vyuo vyetu zinapopanga tafiti nyingine za baharini, zianze kwa wavuvi wa pweza na wazamiaji wa majongoo, na majina yao yaandikwe katika ripoti kama watafiti.