Jokofu la jikoni la biashara
Jokofu la jikoni la biashara huhifadhi vyakula vya hoteli, mgahawa au bucha, kwa kawaida chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Friza huhitaji nyuzi 18 chini ya sifuri. Mlango wa jokofu hufunguliwa kutwa nzima, na kompresa yake hufanya kazi katikati ya joto, mvuke na mafuta ya kukaangia.

Lisipopoza, fundi makini huanza na kondensa kabla ya kugusa gesi ya kupozea. Mafuta na unga hugandana kwenye mapezi yake, joto likakosa pa kutokea, na kompresa ikazunguka bila kupumzika hadi ikaungua. Brashi laini ikipitishwa kila mwezi, umeme ukiwa umezimwa, huepusha hasara hiyo. Barafu nene kwenye evapareta huashiria mpira wa mlango uliochanika, feni iliyokufa au hita ya kuyeyushia barafu iliyoungua. Mpira hupimwa kwa karatasi: ikibanwa mlangoni kisha ikachomoka bila kukwama, hewa inapita.

Gesi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imevuja, na mara nyingi doa la mafuta kwenye kiungio huonyesha mahali. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kumtoza mteja bure. Gesi aina ya R290, ambayo ni propani, hushika moto, hivyo bomba lenye gesi hiyo halichomelewi kabla ya kutolewa gesi yote.