Albamu Ipi ni Bora? Historia ya Ubishi wa Mashabiki wa Genesis

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza ubishi mmoja mashuhuri katika historia ya muziki wa Uingereza, nao ni huu: katika albamu zote za bendi ya Genesis, ipi iliyo bora? Ubishi huu ulianza katika miaka ya 1970 na mpaka leo haujapata hakimu. Ushahidi si haba. Tatizo, kwa maoni yetu, ni kwamba wabishani hulitumia neno moja, "bora", kwa maana zisizolingana. Ndiyo maana tunaona kuwa jambo hili linawahusu walimu wa lugha kama linavyowahusu wapenzi wa muziki.

Genesis ilianzishwa mwaka 1967 na vijana wa Charterhouse, shule ya bweni iliyoko Godalming, kusini mwa Uingereza. Miongoni mwao walikuwamo Peter Gabriel, mwimbaji. Tony Banks, mpiga kinanda. Na Mike Rutherford na Anthony Phillips, wapiga gitaa. Albamu yao ya kwanza, From Genesis to Revelation, ilitoka mwaka 1969. Jalada lake halikuwa na jina la bendi, na wanabendi wenyewe wamesimulia kwamba maduka mengine yaliiweka pamoja na santuri za dini. Mwaka 1970 Phillips aliondoka, akaingia Phil Collins kupiga ngoma. Mwaka uliofuata Steve Hackett alishika gitaa.

Watano hao ndio walioipa bendi sifa katika lile tawi la roki liitwalo progresivu, ambalo lilikataa kufungwa na wimbo mfupi wa dakika tatu. Albamu ya Foxtrot, ya mwaka 1972, ina utungo uitwao Supper's Ready wenye sehemu saba na urefu wa dakika 23 hivi. Ilifuatwa na Selling England by the Pound mwaka 1973, kisha The Lamb Lies Down on Broadway mwaka 1974. Hii ya mwisho ni albamu ya santuri mbili, isimuliayo kisa cha Rael, kijana wa asili ya Puerto Rico katika jiji la New York. Jukwaani Gabriel alivaa vinyago na mavazi ya ajabu, hata watu wengi wakamdhania kuwa yeye ndiye Genesis. Mwaka 1975 akajitoa.

Hapo ndipo mashabiki walipogawanyika. Kambi ya kwanza hushikilia kwamba Genesis ya kweli ilikoma siku ile, na yaliyofuata ni biashara tu. Wenyewe kwa wenyewe hubishana kama taji ni la Foxtrot, la Selling England, au la The Lamb. Lakini mtu wa nje akitaja albamu ya miaka ya 1980, huwa kitu kimoja dhidi yake. Kambi ya pili hujibu kwa hesabu. Duke, ya mwaka 1980, ndiyo albamu ya kwanza ya bendi hii kushika nafasi ya kwanza Uingereza, na Invisible Touch, ya mwaka 1986, ilitoa nyimbo tano zilizoingia katika tano za juu nchini Marekani. Chema chajiuza, wasema hawa. Uhasama huo haukuishia katika maneno. Mwaka 1981, katika mji wa Leiden nchini Uholanzi, wasikilizaji waliizomea bendi ilipopiga nyimbo mpya za albamu ya Abacab.

Mshtakiwa mkuu wa kambi ya kwanza ni Collins, aliyetoka kwenye ngoma akashika uimbaji baada ya bendi kuwajaribu waimbaji kadhaa bila kuridhika. Hata hivyo, historia haikubaliani na mashtaka hayo. Albamu mbili za kwanza baada ya Gabriel, A Trick of the Tail na Wind & Wuthering, zote za mwaka 1976, zimejaa tungo ndefu za mtindo uleule wa zamani. Hackett alipoondoka mwaka 1977 wakabaki watatu, na mwaka 1978 wakapata umaarufu kwa wimbo mfupi wa mapenzi, Follow You Follow Me. Maneno ya wimbo huo yaliandikwa na Rutherford, mmoja wa waasisi. Fauka ya hayo, ndani ya Invisible Touch yenyewe umo utungo uitwao Domino, unaozidi dakika kumi.

Na Gabriel je? Naye hakubaki pale alipoachwa na mashabiki wake. Mwezi Julai 1986, Invisible Touch, wimbo uliobeba jina la albamu, ulikuwa nafasi ya kwanza Marekani. Ulioung'oa ulikuwa Sledgehammer wa Gabriel, wimbo wa kuchezesha watu. Wala wanamuziki wenyewe hawakuwa na uadui kama wa mashabiki. Mwaka 1982 Gabriel alishiriki kuanzisha tamasha la WOMAD, ambalo katika mwaka wake wa kwanza lilipokea, miongoni mwa wengine, wapiga ngoma wa Burundi. Tamasha hilo lilimwachia madeni makubwa. Mwezi Oktoba mwaka uleule wenzake wa zamani walipanda naye jukwaani Milton Keynes, kwa onyesho moja tu, ili kumsaidia kuyalipa.

Sasa tuurudie ule msamiati. Kambi ya pili isemapo "bora" humaanisha maarufu, na umaarufu huhesabika. Kambi ya kwanza hudai kusema juu ya ufundi, na ufundi hupimwa kwa vigezo: muundo, lugha, upatanifu wa ala. Lakini aghalabu chini ya hoja za ufundi hukaa jambo la tatu, nalo ni upendo. Albamu aliyoisikia mtu akiwa na miaka 16 humkalia moyoni, na kipendacho moyo ni dawa. Upendo huo si kosa. Kosa ni kuuvika joho la uhakiki, kisha kumwita msaliti kila msanii aliyethubutu kubadilika.

Mwanafunzi anapoandika kwamba riwaya fulani ni bora kuliko nyingine, hatuna budi kumwuliza kwanza: maarufu, iliyotungwa kwa ufundi, au uipendayo? Akijibu, uhakiki umekwisha kuanza. Genesis ilifanya onyesho lake la mwisho London mwezi Machi 2022, na Gabriel alikuwa miongoni mwa watazamaji. Mashabiki wangali wanabishana, na kwa sababu hiyo albamu za miaka 50 iliyopita zingali zinasikilizwa kwa makini.