Mkataba wa mali kabla ya ndoa (Kenya)

Mkataba wa mali kabla ya ndoa ni makubaliano wanayofanya watu wawili wanaokusudia kuoana kuhusu umiliki wa mali zao: nani ana nini kabla ya harusi, kitakachopatikana baadaye kitakuwa cha nani, na mgawanyo utafuata njia gani ndoa ikivunjika. Nchini Kenya msingi wake ni kifungu cha 6(3) cha Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Usichanganywe na mahari, ambayo ni shughuli ya koo mbili, wala na wosia, ambao husubiri kifo.

Mtaani husemwa kwamba mkataba huu ni wa matajiri, au wa anayeingia kwenye ndoa mguu mmoja ukiwa nje. Anayesoma sheria yenyewe ataona kwamba unamfaa zaidi mwenye mali kidogo na kumbukumbu chache. Kifungu cha 7 kinasema umiliki wa mali ya ndoa huwa wa wanandoa kulingana na mchango wa kila mmoja katika kuipata, ila pale wanapokuwa na mkataba. Maana ya mchango katika sheria ni pana: fedha, na pia kazi za nyumbani, malezi ya watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Hata hivyo, mchango huthibitishwa. Tarehe 27 Januari 2023, katika kesi inayojulikana kwa herufi J.O.O. dhidi ya M.B.O., Mahakama ya Juu iliamua kwamba usawa wa wanandoa unaotajwa na ibara ya 45(3) ya Katiba ya 2010 hauleti nusu kwa nusu papo hapo. Kila upande uoneshe ulichotia. Katika kesi hiyohiyo mahakama iliacha mgawanyo wa nusu kwa nusu usimame, kwa sababu ushahidi uliubeba.

Sasa fikiria ushahidi huo unatafutwa miaka 15 baada ya harusi. Risiti za mabati na saruji zimefifia, fundi amehamia kwingine, na taarifa za sacco hazionekani. Hapo ndipo karatasi iliyoandikwa wakati wawili hawa bado wanapendana, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kudanganya, inapokuwa na uzito kuliko viapo vya baadaye.

Mali gani inaguswa

Mali ya ndoa kwa mujibu wa kifungu cha 6(1) ni nyumba au nyumba za wanandoa, vyombo na samani zilizomo, na mali nyingine inayohamishika au isiyohamishika ambayo wameipata pamoja na kuimiliki pamoja ndoa ikiwa hai. Mali iliyonunuliwa au kurithiwa kabla ya ndoa haimo, kwa kifungu cha 5. Ardhi inayoshikiliwa kwa amana, ikiwemo ile ya amana ya kimila, haimo pia. Kwa hiyo shamba la ukoo haligawiwi kwenye meza ya wakili hata maharusi wakitaka.

Mpaka huo unaonekana safi hadi unapofika kwenye nyumba. Chukua mfano wa mwanamke aliyenunua ploti Kitengela kwa mkopo wa sacco, akajenga vyumba vitatu, kisha akaolewa na mume akahamia humo. Ploti ilipatikana kabla ya ndoa. Nyumba, kwa upande mwingine, sasa ndiyo makao ya wanandoa. Mume anaongeza ghorofa na kuchimba kisima, na kifungu cha 9 kinampa haki inayolingana na alichotia hata kama mali yenyewe itabaki nje ya mali ya ndoa. Mkopo nao unafuata njia yake: deni la kabla ya ndoa hubaki kwa aliyelikopa, lakini mali hiyo ikigeuka kuwa mali ya ndoa, deni hubebwa sawa na wote wawili isipokuwa wamekubaliana vinginevyo. Kila moja ya hoja hizi ni kesi inayosubiri. Aya moja ya mkataba ingezimaliza zote: ploti ni ya mke, mkopo ni wa mke, kitakachojengwa juu yake kuanzia tarehe fulani kitahesabiwa kwa fedha alizotoa kila mmoja, au kitakuwa cha wote kwa sehemu zilizotajwa.

Jinsi unavyoandaliwa

Sheria haikuweka fomu maalumu wala daftari la kuusajili mkataba huu. Lakini maneno ya mdomo hayafai, hasa penye ardhi: Sheria ya Mikataba hutaka mkataba wa kuhamisha haki juu ya ardhi uwe wa maandishi, utiwe saini na wahusika wote, na saini hizo zishuhudiwe.

Kazi huanza na orodha, na orodha ndiyo moyo wa mkataba, ingawa wengi huiona kama kiambatisho. Kila mmoja huandika mali zake na madeni yake: namba za hati miliki, kitabu cha gari, hisa, akiba ya sacco na ya pensheni, mkopo wa benki na hata deni la binamu. Mawakili wazoefu husumbuka zaidi na madeni kuliko mali, kwa kuwa mtu hujivunia ploti na kunyamazia mkopo.

Ndipo masharti huandikwa, na kila upande kuyapeleka kwa wakili wake. Wakili mmoja kwa wote wawili ni akiba ya bei mbaya. Kifungu cha 6(4) kinairuhusu mahakama kuutengua mkataba ikiona uliingiwa kwa ulaghai au kwa shinikizo, au kwamba ni dhuluma iliyo wazi. Aliyetia saini bila kushauriwa na mtu wake ana pa kuanzia.

Muda nao huzungumza mahakamani. Ndoa ya kiserikali inahitaji notisi ya siku 21 kwa msajili, na maharusi wengi hukumbuka mkataba wakati huo, kadi za mialiko zikiwa zimeshatoka na mahema yamelipiwa. Bibi harusi aliyeletewa karatasi Ijumaa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi atasema alishinikizwa, na ni vigumu kumkatalia. Miezi kadhaa kabla ndiyo kipimo cha busara, ikiwezekana kabla hata wazee hawajapanga siku.

Usichoweza kufanya

Matunzo ya watoto na haki ya kuishi nao si vya kuuzwa humo. Ibara ya 53 ya Katiba inaweka maslahi ya mtoto mbele katika kila jambo linalomhusu, na mtoto hakuwa mezani. Pia mkataba hauzimi Sheria ya Urithi, inayomruhusu mtegemezi aliyeachwa bila riziki kuomba sehemu ya mali ya marehemu.

Waislamu wana njia yao. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mali ya Ndoa kinamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa, ambayo kimsingi humwachia kila mmoja mali yake, na mahari kuwa ya mke peke yake. Anayetaka zaidi huweka masharti ndani ya akdi yenyewe. Huko pwani jambo hili halikungoja mwaka 2013.

Tanzania haina kifungu kinachofanana sana na 6(3). Hata hivyo kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume au mke, isipokuwa kwa makubaliano yao. Rwanda na Kongo zimefuata mkondo wa Ulaya bara: maharusi huchagua mfumo mmoja wa mali kati ya ile iliyotajwa na sheria, na kumtamkia afisa anayewafungisha ndoa.

Kifungu cha Kenya kinawataja wanaokusudia kuoana, kwa hiyo waliokwisha kuoana wako nje ya maneno yake. Ndiyo maana tarehe ya saini huandikwa kwa uangalifu, na kila mmoja hubaki na nakala halisi yenye orodha ya mali iliyotiwa saini kila ukurasa.